Tusimsingizie Mungu: Mama Apimwe Kabla ya Kulazwa Usingizi



Kuna sentensi moja ambayo tumeisikia mara nyingi mno makaburini, nayo leo twataka kuihoji bila woga. Husemwa baada ya jeneza la mama aliyefia katika chumba cha upasuaji kushushwa kaburini, wakati waombolezaji wakikung'uta udongo mikononi: ni mapenzi ya Mungu. Nasi tuliosimama pale huinamisha vichwa, huitikia, kisha hurudi nyumbani tukiwa tumefunga shauri ambalo hatukulifungua kamwe.

Tuliwahi kumzika dada mmoja wa jumuiya yetu. Jina lake tunaliacha kwa heshima ya watoto wake, na mahali alipofia hatupataji, kwa kuwa hatuandiki ili kumshtaki mtu mmoja. Jioni ile alikula bukari na samaki kama kawaida. Uchungu ulipomshika, jirani mwenye nia njema alimpa dawa ya mizizi ya kumharakisha mtoto. Saa sita za usiku alifikishwa hospitalini kwa pikipiki. Ikaonekana kwamba mtoto amekaa vibaya na ya kuwa mama lazima apasuliwe. Mumewe aliulizwa mambo matatu: jina la mgonjwa, mtaa anakokaa, na nani atakayelipa. Mgonjwa mwenyewe hakuulizwa lolote. Alilazwa usingizi, akatapika, na chakula kikaingia mapafuni. Mtoto alilia, mama hakuamka.

Tunauliza: katika usiku ule, ni lipi lililokuwa la Mungu, na ni lipi lililokuwa letu?

Hoja yetu ni hii. Kumhoji na kumpima mjamzito kabla ya kumpa ganzi au nusukaputi si hisani ya mganga mwenye muda, wala si anasa ya hospitali za matajiri. Ni haki yake. Anayeiacha pasipo sababu anatenda kosa, na kosa hilo lina wenyewe. Halina ruhusa ya kuvikwa jina la Mungu.

Wengi wetu tunadhani kwamba nusukaputi ni usingizi tu, na kwamba mjamzito ni mwanamke yule yule wa siku zote, ila ana tumbo kubwa. Sivyo. Mwili wa mjamzito hutumia oksijeni zaidi kwa karibu sehemu ya tano, ilhali akiba ya hewa mapafuni mwake imepungua kwa kiasi kama hicho, kwa sababu tumbo limesukuma mapafu juu. Maana yake ni kwamba akikosa hewa, muda wa kumwokoa ni mfupi kuliko wa mgonjwa mwingine. Koo lake limevimba, kwa hiyo mpira wa kupitishia hewa huweza kuingia kwa shida. Mlango wa juu wa tumbo la chakula umelegea, hivyo alichokula hupanda kirahisi. Akilazwa chali, uzito wa mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na presha yake hushuka. Ndiyo sababu wataalamu humwinamisha kidogo upande wa kushoto.

Hayo si maarifa mapya. Mwaka 1946 daktari Curtis Mendelson wa New York alichapisha habari za kina mama 66, miongoni mwa mimba 44,016, ambao yaliyokuwa tumboni yaliingia mapafuni walipolazwa usingizi ili wajifungue. Tangu hapo swali la “ulikula saa ngapi?” limekuwa miongoni mwa maswali ya kwanza ya kazi hiyo. Dada yetu alizaliwa miaka mingi baada ya swali hilo kujulikana duniani, akafa bila kuulizwa.

Wala msiba huu si wa mtaa mmoja. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Lancet Global Health, uliokusanya tafiti nyingi za nchi maskini na za kipato cha kati, ulionyesha kwamba kati ya vifo vya kina mama vinavyofuata upasuaji wa kujifungua, kimoja katika kila saba hivi kilitokana na ganzi au nusukaputi. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida hilo hilo, ulizitazama hospitali za nchi 22 za Afrika. Ulikuta kwamba katika kila kina mama 1,000 waliopasuliwa ili wajifungue, zaidi ya 5 walifariki, yaani mara 50 kuliko katika nchi tajiri. Katika mambo yaliyoambatana na vifo hivyo yalikuwamo kutokwa na damu nyingi na matatizo ya ganzi au nusukaputi. Tunaomba kila msomaji apime neno hilo: mara 50. Je, Mungu anawapenda mama wa ng'ambo mara 50 kuliko mama wa Kolwezi? Anayesema “mapenzi ya Mungu” juu ya kila jeneza na alijibu hilo kwanza.

Basi kupima huko ni nini? Kwanza ni maswali. Umewahi kupasuliwa? Ulipolazwa usingizi kulitokea shida gani? Je, ndugu yako wa damu alipata shida? Unatumia dawa gani, za hospitali na za mizizi? Dawa gani inakudhuru? Ulikula na kunywa lini? Una pumu, ugonjwa wa moyo, kifafa, au selimundu ambayo wengi wetu huiita SS? Katika mimba hii umetokwa na damu, umeumwa kichwa kikali, umeona giza machoni?

Kisha ni macho na mikono. Mgonjwa hufumbua mdomo ili koo litazamwe, shingo hugeuzwa, meno yaliyolegea hutafutwa, moyo na mapafu husikilizwa, mgongo utakaochomwa sindano huchunguzwa kama una kidonda. Presha hupimwa, maana 140 kwa 90 au zaidi, baada ya wiki 20 za mimba, yaweza kuwa mlango wa kifafa cha mimba. Wingi wa damu hupimwa, na kundi lake hujulikana ili damu ya akiba itafutwe kabla, si baada.

Mwishoni ni uamuzi. Je, achomwe ganzi ya mgongo, abaki macho na kumsikia mtoto wake akilia, au alazwe usingizi kabisa? Kwa walio wengi ganzi ya mgongo ni salama zaidi. Uchunguzi ule wa mwaka 2016 uliona kwamba hatari ya kufa kwa waliolazwa usingizi kabisa ilikuwa kama mara tatu. Lakini kwa mama aliyekwisha kupoteza damu nyingi, au ambaye damu yake haigandi, sindano hiyo hiyo ya mgongo yaweza kuwa hatari. Hakuna awezaye kuchagua vema kati ya njia hizi mbili bila kuuliza na kupima. Anayechagua bila hayo anapiga kura juu ya uhai wa mtu.

Ndugu vijana, ninyi mnaijua migodi kuliko watu wengi duniani. Baadhi yenu baba zenu walikuwa wafanyakazi wa Gécamines. Wengine mnaomba kazi leo katika makampuni ya Kolwezi na Fungurume. Kijana anayetaka kuajiriwa hupelekwa kwanza kwa daktari: hupimwa macho, masikio, mapafu, presha na mkojo. Siku ya kuingia eneo la kazi hufundishwa usalama, huvishwa kofia na viatu, hupulizishwa kifaa cha kupimia pombe. Kabla ya mwamba kulipuliwa, king'ora hulia na watu huondolewa. Kabla ya lori kubwa la madini kuwashwa, dereva hulizunguka akiwa na karatasi mkononi: magurudumu, breki, mafuta, taa. Asipoijaza karatasi, lori haliondoki. Hakuna msimamizi anayesema kwamba hakuna muda, wala kwamba lori likianguka ni mapenzi ya Mungu.

Lori lina karatasi ya ukaguzi. Mama yetu hakuwa nayo.

Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliporomoka mgodini karibu na mji wetu na kuua wachimbaji wa mkono zaidi ya 40. Dunia nzima ilisikia, nasi tulilia, na ilikuwa haki kulia. Lakini kina mama hawafi 40 kwa siku moja mbele ya wapiga picha. Hufa mmoja mmoja, usiku, nyuma ya mlango uliofungwa, na kila mmoja huzikwa na familia yake kama bahati mbaya ya nyumba ile. Hesabu ya taifa iliyofanywa katika miaka ya 2013 na 2014 ilionyesha vifo 846 vya uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Hilo nalo ni poromoko. Tofauti ni kwamba halina sauti.

Tunajua majibu tutakayopewa, nasi hatutaki kuyakwepa.

La kwanza: dharura hairuhusu maswali. Twakubali kwamba kuna saa ambapo mtoto au mama anakufa na kila dakika ni dhahabu. Lakini maswali makuu huulizwa wakati machela ikisukumwa na sindano ikitayarishwa. Hayahitaji nusu saa. Zaidi ya hayo, dharura nyingi zilikuwa na miezi ya kujitambulisha. Mama aliyepasuliwa katika mimba ya kwanza, mwenye SS, mwenye mapacha au mwenye presha ya juu, hali yake hujulikana kliniki kabla ya usiku wa uchungu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba mjamzito aonwe na wahudumu wa afya angalau mara nane. Katika moja ya mara hizo, mama wa namna hiyo na aonane na mtaalamu wa usingizi, mchana, akiwa ametulia, na majibu yaandikwe katika kadi yake. Tulichokiita dharura mara nyingi ni uzembe uliochelewa kufika.

La pili: hatuna wataalamu wala vifaa. Hilo ni kweli, na ni aibu ya wakubwa kabla ya kuwa aibu ya wadogo. Shirikisho la dunia la wataalamu wa ganzi na usingizi hutaka angalau madaktari 5 wa kazi hiyo kwa kila watu 100,000. Nchi yetu haifikii hata mmoja. Kazi hufanywa zaidi na wauguzi waliosomea usingizi, mara nyingi mtu mmoja peke yake usiku kucha. Hao tunawaheshimu, na lawama yetu haianzi kwao. Lakini swali halihitaji umeme, na kutazama koo kunahitaji taa ndogo tu. Na kwa vile vinavyohitaji fedha, kama kifaa cha kupima oksijeni kidoleni, mashine ya presha na akiba ya damu, tukumbuke tunaishi wapi. Nchi yetu hutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa yake hutoka Lualaba. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaagiza kwamba katika ushuru wa madini jimbo lipate asilimia 25 na serikali za mahali, zikiwamo miji na usultani, zipate asilimia 15. Tena kila kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Katika ardhi ya namna hii, mama kukosa kifaa cha kidoleni si umaskini. Ni mpangilio wa watu.

La tatu: hayo ni mambo ya Wazungu. Basi na tuitazame Ifakara, Tanzania, katika hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Hospitali hiyo ilikuwa miongoni mwa nane duniani, pamoja na za London na Toronto, zilizoijaribu orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Orodha ile huwataka watu, kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi, waulize kwa sauti: njia yake ya hewa ina shida? Anaweza kupoteza damu nyingi? Dawa gani humdhuru? Matokeo yalitangazwa mwaka 2009: katika hospitali nane kwa jumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi moja na sauti ya mtu. Je, ni kipi hapo ambacho Mwafrika hawezi?

La nne huumiza zaidi, kwa sababu hutoka vinywani mwa watu wanaosali: kwamba mwanamke ameagizwa kuzaa kwa uchungu, na anayepasuliwa amekosa imani au si mwanamke kamili. Neno hilo nalo ni la kale. Mwaka 1847, James Young Simpson alipoanza kutumia klorofomu kwa wazazi kule Edinburgh, alilazimika kuandika kijitabu cha kujibu waliompinga kwa jina la dini. Kwa sisi Wakatoliki shauri limekwisha kuamuliwa. Papa Pius wa 12, mwaka 1956 mbele ya madaktari wa uzazi, na tena tarehe 24 Februari 1957 akiwajibu wataalamu wa usingizi, alifundisha kwamba kuzuia maumivu kwa njia za tiba si kinyume cha imani. Chumba cha maombi kinachomzuia mama asiende hospitali hakimtetei Mungu. Kinamfanya aonekane katili.

Lakini haki inatudai tuelekeze kidole kwetu pia, maana sisi nasi tunaficha. Mama mkwe hujibu kwa niaba ya mgonjwa. Dawa ya mizizi hufichwa kwa kuogopa kukaripiwa. Upasuaji wa zamani hufichwa kwa sababu mume wa sasa haujui. SS hufichwa kwa ajili ya heshima ya ukoo. Na muuguzi akiuliza, “Umekula?” hujibiwa, “Hapana,” ili apasuliwe haraka. Ndugu zetu, uongo huo mdogo ndio uuao. Anayempima mama anategemea ukweli wetu kama mchimbaji anavyotegemea nguzo za shimo.

Katika kanisa letu la Kongo tunaye shahidi wa ukaguzi. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa miaka 26, mtumishi wa ofisi ya serikali ya ukaguzi wa bidhaa huko Goma. Aliletewa rushwa ili apitishe chakula kilichoharibika, akakataa, kwa sababu aliwaona watu ambao wangekila. Waliua mwili wake Julai 2007. Kanisa lilimtangaza mwenye heri Juni 2025. Hakufa kwa ajili ya jambo kubwa la kuimbiwa redioni. Alikufa kwa sababu alisisitiza kwamba kitu kikaguliwe kabla ya kupita, na kibaya kizuiwe. Wale mnaosomea uuguzi na usingizi katika taasisi za tiba, mchukueni awe ndugu yenu. Siku mtakapoambiwa, “Acha maswali, lala naye usiku umekwenda,” kumbukeni kwamba kuna kijana wa Kongo aliyekataa kupitisha bila kukagua.

Na ninyi wengine wote mna la kufanya kabla ya Jumapili ijayo. Kila kikundi kiwajue wajawazito wa jumuiya zake, na kuwasindikiza kliniki wale wasio na wa kuwasindikiza. Pamoja na kila mmoja wao andikeni karatasi moja ya kubeba siku ya uchungu: magonjwa yake, upasuaji wake, dawa zinazomdhuru, kundi lake la damu, anachotumia. Mwenye afya na umri unaoruhusiwa atoe damu. Nendeni kwa kamati ya afya ya mtaa wenu mkaulize, kwa adabu na kwa maandishi, kama hospitali yenu ina kifaa cha kidoleni katika chumba cha upasuaji, na kama mgonjwa hukaguliwa kwa karatasi. Na viongozi wa mahali wakija kuomba kura zenu, waulizeni asilimia 15 ilikwenda wapi.

Tunaposali fumbo la pili la furaha, humwona Maria akipanda milima kwenda kwa Elizabeti, mwanamke mzee mwenye mimba ya kwanza katika mwezi wa sita. Alikwenda kabla ya uchungu, akakaa miezi mitatu. Imani iendayo mapema ndiyo tunayoiomba. Ile ifikayo makaburini na sentensi moja tumeichoka.

Maswali ya kutafakari katika vikundi:

1. Ni kifo gani cha mama katika mtaa wetu tulichokiita mapenzi ya Mungu bila kuuliza chochote?

2. Katika familia zetu, ni jambo gani tunalolificha mbele ya muuguzi, nalo linaweza kumwua mgonjwa wetu?

3. Wiki hii, ni mjamzito gani tutakayemtembelea, na nani atakwenda?